Mkanda Mmoja, Mikanda Miwili: Namna ya Kuelewa Vichekesho Bubu vya Marekani

Tarehe 7 Februari 1914 kampuni ya Keystone ya Los Angeles ilitoa mkanda mmoja wenye filamu mbili. Filamu moja ilieleza habari za zeituni na mafuta yake. Nyingine ilipigwa Venice, California, katikati ya mashindano ya kweli ya vigari vya watoto. Ndani yake yumo mtu mwenye suruali pana, koti la kubana, kofia ya duara na kifimbo, ambaye kila kamera ikitegwa, yeye hujipitisha mbele yake. Anasukumwa, anarudi. Anafukuzwa, anarudi. Hivyo ndivyo watazamaji walivyomwona kwa mara ya kwanza yule mzururaji wa Charles Chaplin, aliyekuja kujulikana pande zote za dunia. Huku kwetu neno chale, mtu wa kuchekesha, bado lipo, na mimi kila nikilisikia nalisikia jina la Charlie ndani yake.

Nimezitaja zeituni kwa sababu zinafungua mlango. Mwenye ukumbi wa sinema wa mwaka 1914 alikuwa anakodi mkanda. Kichekesho kikitosha nusu ya mkanda, nusu iliyobaki ilijazwa kitu kingine, hata kiwe somo la kukamua mafuta. Ukilishika jambo hili, maswali mengi yanayomsumbua mtu anayekutana na vichekesho hivi leo kwenye simu yake yanaanza kujijibu. Kwa nini mhusika yule yule yumo katika filamu 20 ambazo hazina uhusiano wowote wa hadithi? Kwa nini filamu moja ina majina matatu? Kwa nini watu wote wanakwenda mbio kama waliomwagiwa maji ya moto? Na kwa nini nyingine zinakatika ghafla, kana kwamba aliyekuwa akisimulia ameitwa nje?

Mkanda wa kawaida wa milimita 35 ulikuwa na urefu wa futi 1,000 hivi, karibu mita 300, ukiwa umeviringwa na kutiwa kwenye mkebe wa bati. Kila futi moja hubeba picha 16, kwa hiyo mkanda mzima ni picha 16,000 hivi. Muda wake ulitegemea mwendo wa mashine: ikipitisha picha 16 kwa sekunde, mkanda unamalizika kwa zaidi kidogo ya dakika 16, ikipitisha 24, ni dakika 11 na sekunde chache. Kipimo hiki ndicho kilichokuwa kipimo cha kila kitu, bei, mshahara, ratiba na hata urefu wa kicheko. Filamu ilitajwa kwa mikanda yake kama kitambaa kinavyotajwa kwa yadi zake.

Mteja wa mikanda hiyo alikuwa nani? Kuanzia mwaka 1905, ulipofunguliwa ukumbi mmoja mdogo mjini Pittsburgh wa kiingilio cha senti 5, miji ya Marekani ilijaa kumbi za namna hiyo. Nyingi zilikuwa maduka yaliyogeuzwa, yenye viti vya mbao, piano na pazia. Watazamaji wake waliishi jirani na walirudi tena na tena, kwa hiyo programu ilibidi ibadilike mara kadhaa kwa wiki, pengine kila siku. Hakuna mwenye ukumbi angemudu kununua mikanda yote hiyo. Alikodi kwenye maghala ya kampuni za usambazaji, kama General Film iliyoanzishwa mwaka 1910, kisha Mutual na Universal za mwaka 1912. Kampuni hizo nazo zilizibana studio zitoe idadi maalumu ya mikanda kila wiki, bila kukosa, kama muuza maziwa asiyeweza kumwambia mteja kwamba leo ng'ombe hana hamu.

Mwenye ukumbi aliagiza vichekesho ambavyo hajaviona, wakati mwingine hata havijapigwa bado. Angeshika nini mkononi kama uhakika? Jina. Akijua kwamba Alhamisi atapata kichekesho cha yule mnene au cha wale polisi wanaoanguka kwenye gari lao, anaweza kubandika bango mlangoni na kulala. Mfululizo wa vichekesho ulizaliwa hapo, kwenye ahadi baina ya studio, msambazaji na mwenye ukumbi. Sanaa ilikuja kuishi ndani ya ahadi hiyo, na kwa maoni yangu ilistawi mno humo.

Hapa kuna mchanganyo unaowapata hata wapenzi wa filamu za kale. Zama hizo zilikuwa na aina mbili za filamu zilizotoka kwa zamu. Aina ya kwanza ni hadithi ya kuendelea: msichana anafungwa kamba juu ya reli, treni inakuja, mkanda unakatika, na wewe unarudi wiki ijayo kuona kama amepona. Ukikosa sehemu ya nne, ya tano haieleweki. Aina ya pili, ndiyo tunayoizungumzia, haikuwa na kuendelea kokote. Mhusika ni yule yule, mavazi yale yale, tabia ile ile, lakini leo ni mhudumu wa hoteli, wiki ijayo ni mwizi wa kuku, na wiki inayofuata ana mke na watoto ambao hatutawaona tena. Sababu ni ya kibiashara tu. Kumbi hazikupokea mikanda kwa mpangilio mmoja. Mji mkubwa uliipata ikiwa mipya, kijiji kiliipata baada ya miezi, na mara nyingi kwa kuchanganywa. Kichekesho kilibidi kiweze kusimama peke yake popote kitakapoangukia.

Wa kwanza kuonyesha nguvu ya mpango huu alikuwa John Bunny, mwigizaji wa jukwaani aliyejiunga na kampuni ya Vitagraph ya Brooklyn mwaka 1910 akiwa na umri wa karibu miaka 47. Alikuwa mnene, mwenye uso mpana uliojaa mikunjo, na mara nyingi alipangwa na Flora Finch, mwanamke mwembamba kama ufito. Yeye mume mtoro wa nyumbani, Finch mke anayemtafuta. Kwa miaka mitano walitoa vichekesho kwa makumi na makumi, na uso wa Bunny ukafahamika hadi Ulaya. Alifariki Aprili 1915, na mfululizo ukafa naye, maana Vitagraph haikuwa na cha kuuza bila uso ule. Leo hata watu wanaojidai kuijua sinema hawalijui jina lake, jambo linalonihuzunisha.

Studio zilijifunza somo hilo kwa uchungu, na Chaplin akawaongezea jingine. Keystone ilimlipa dola 150 kwa wiki. Mwaka 1915 akahamia Essanay kwa dola 1,250 kwa wiki. Mwaka 1916 Mutual ikampa dola 10,000 kwa wiki, pamoja na dola 150,000 za kutia saini mkataba. Miaka miwili tu! Mhusika alikuwa mali ya mwigizaji, akaondoka naye kama anavyoondoka na koti lake. Aliyeachwa nyuma alibaki na mikanda ya zamani, ambayo aliikatakata, akaiunga upya na kuiuza kwa majina mapya. Wengine wakatafuta watu wa kumwiga. Billy West alivaa vile vile, akatembea vile vile, na katika filamu zake kadhaa jitu linalomtisha ni Oliver Hardy, mwigizaji tutakayemkuta tena mwishoni, miaka 10 kabla hajakutana na bahati yake.

Lakini turudi kwenye kipimo, maana tofauti ya mkanda mmoja na mikanda miwili haikuwa ya urefu peke yake. Mkanda mmoja ni kichekesho kimoja kinachopandishwa hadi kinapasuka. Mack Sennett, mwenye Keystone, alikuwa mfalme wa namna hiyo. Aliposikia kwamba mji unakausha ziwa la Echo Park, alipeleka waigizaji wake wakaanguke kwenye tope kabla maji hayajarudishwa. Kukiwa na gwaride, mashindano ya magari au moto, kamera ilikwenda. Hapakuwa na muda wa kueleza mtu ni nani. Ndevu za bandia zilimtambulisha mwovu, kofia ya polisi ikatambulisha polisi, na Mabel Normand, ambaye aliigiza na pia kuongoza, alitambulika kwa macho yake tu.

Mikanda miwili ilimpa mchekeshaji nafasi ya kupumua. Chaplin alitoa vichekesho 12 vya mikanda miwili kwa Mutual kati ya Mei 1916 na Oktoba 1917, na ndani yake unaweza kumwona akijifunza kuitumia nafasi hiyo. Mfano ninaoupenda ni kile cha wahamiaji, cha mwaka 1917. Mkanda wa kwanza uko melini, na watu wanaoyumbishwa na bahari wanaona sanamu ya Uhuru ya New York, kisha wanafungiwa kamba kama mifugo. Mkanda wa pili uko mkahawani, Chaplin hana pesa ya kulipia chakula, na mhudumu ni mtu mkubwa mwenye mikono ya kuvunja mifupa. Mabaki ya mikanda aliyoipiga na kuiacha, ambayo yalihifadhiwa, yanaonyesha kwamba alianza na mkahawa. Meli haikuwepo kichwani mwake hata kidogo. Alirudia na kurudia tukio la mkahawa, akabadilisha mhudumu, kisha akaanza kujiuliza huyu mtu na huyu msichana wametoka wapi hata wakakutana hapa. Jibu likawa mkanda wa kwanza. Nafasi ya dakika 10 za ziada ndiyo iliyomlazimisha kuuliza swali hilo, na mtu maskini wa kuchekesha akapata historia.

Mtu angedhani basi kila mchekeshaji alitamani kupanda kutoka mkanda mmoja kwenda miwili na asirudi nyuma. Harold Lloyd alifanya kinyume, na uamuzi wake ndio unaonisaidia kuielewa biashara hii kuliko takwimu zozote. Tangu mwaka 1915 alikuwa akiigiza mhusika aitwaye Lonesome Luke katika kampuni ya Hal Roach. Chaplin alivaa suruali pana na koti dogo, basi Luke akavaa suruali ya kubana. Wazo lilikuwa jepesi kiasi hicho. Luke aliuzika, na mwaka 1917 alikwishafika mikanda miwili. Hata hivyo Lloyd alichoka kuwa kivuli cha mtu mwingine. Akataka kumjaribu kijana wa kawaida, mwenye suti safi na miwani ya fremu nene isiyo na vioo. Akasisitiza kijana huyo aanze na filamu za mkanda mmoja.

Sababu yake ilikuwa ya mtu aliyeijua kalenda. Kichekesho cha mikanda miwili kilichukua wiki nyingi kutengenezwa, na kikianguka, watazamaji wangekaa na kumbukumbu mbaya kwa muda mrefu. Cha mkanda mmoja kingetoka mara kwa mara, kibaya kikafunikwa na kizuri kinachokifuata upesi, na uso mpya ukazoeleka. Pathé, waliokuwa wasambazaji, hawakufurahia kumwacha Luke, lakini kijana wa miwani akatoka mwaka huo huo wa 1917. Alirudi kwenye mikanda miwili mwaka 1919 akiwa tayari kipenzi cha watu. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, bomu lililodhaniwa kuwa la mchezo lililipuka mkononi mwake wakati wa kupiga picha za matangazo, likamkata kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Kila unapomwona akipanda ukuta katika filamu za baadaye, mkono ule una glavu inayoficha vidole visivyokuwepo.

Roach mwenyewe alijifunza kitu kingine: tengeneza mfululizo ambao hakuna mwigizaji anayeweza kuuchukua akaondoka nao. Mwaka 1922 alianza Our Gang, kundi la watoto wa mtaani, chini ya mwongozaji Robert McGowan. Roach alisimulia kwamba wazo lilimjia alipochoshwa na mtoto aliyeletwa kujaribiwa akiwa amepakwa poda na kufundishwa kila neno, kisha akatazama dirishani akaona watoto wakigombania vijiti. Alijikuta akiwatazama muda mrefu bila kuchoka. Ubora wa mpango huo kibiashara uko wazi: mtoto akikua anatoka, mwingine anaingia, jina linabaki. Filamu 220 zilitoka hadi mwaka 1944.

Mfululizo huu nauangalia kwa moyo uliogawanyika, na sioni haja ya kuficha. Ernie Morrison, mtoto Mweusi aliyekuwa tayari ameigiza pembeni ya Lloyd, alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza Weusi kupata mkataba wa kudumu Hollywood. Allen Hoskins, aliyeitwa Farina, aliingia akiwa bado mchanga na akaonekana katika zaidi ya filamu 100. Katika nchi ambayo sheria za majimbo mengi ziliwatenga watoto hao shuleni, hapa wanacheza, wanagombana na kugawana mkate na wenzao Weupe kama watoto wowote. Hapo hapo, kichekesho kinapohitaji kicheko cha haraka, ni wao wanaomwagiwa unga waonekane weupe kwa hofu, ni wao wanaopewa tikiti maji, tunda lililotumiwa Marekani kuwadhihaki Weusi. Mambo yote mawili yamo katika mkanda mmoja, pengine katika dakika moja. Anayetaka kuwaheshimu Morrison na Hoskins awatazame wanavyoigiza: muda wao wa kugeuka, kunyamaza na kutumbua macho ni wa mafundi, na walikuwa watoto.

Kuhusu jina, lilikuwa mali kweli kweli. Roach aliuza mfululizo huo na jina lake kwa studio ya MGM mwaka 1938. Filamu zake za awali ziliporudi kwenye runinga miaka ya 1950, zilikuja kwa jina la The Little Rascals, kwa kuwa la kwanza halikuwa lake tena. Mtu akikuambia kwamba hiyo ni mifululizo miwili tofauti, sasa unajua.

Kisa cha mwigizaji Mickey Rooney kinaonyesha mzozo wa kumiliki jina ulivyoweza kufika mbali. Kuanzia mwaka 1927 alikuwa mtoto wa miaka kama saba, jina lake Joe Yule, akiigiza mhusika Mickey McGuire kutoka katuni za gazetini za Fontaine Fox. Mtayarishaji alitaka kukwepa kumlipa mchoraji, hivyo jina la mtoto likabadilishwa kisheria likawa Mickey McGuire, ili idaiwe kwamba anatumia jina lake tu. Fox akaenda mahakamani, akashinda. Mtoto akanyang'anywa jina, akabaki na Mickey, akatafutiwa Rooney. Jina lililokaa midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka 80 lilitokana na kesi ya vichekesho vya mikanda miwili.

Wakati huo filamu ndefu zilikuwa zimeshatawala, na kichekesho kifupi kilikuwa kitangulizi chake. Kampuni ya Educational, iliyoanza na filamu za shule na kisha kuhamia vichekesho, ilijitangaza kuwa kiungo cha programu, na sifa hiyo ilisema kweli: kiungo kinaongeza ladha lakini hakiuzwi bei ya nyama. Filamu fupi zilikodishwa kwa bei ya kudumu. Hata ukumbi ukijaa kwa ajili ya kichekesho, ziada haikumfikia aliyekitengeneza, wakati filamu ndefu kubwa ziliweza kudai sehemu ya mapato ya mlangoni. Ndiyo maana Lloyd aliingia kwenye filamu ndefu kuanzia mwaka 1921, na Buster Keaton akafuata mwaka 1923 baada ya vichekesho vyake vifupi 19. Wanahistoria wengi huzungumzia filamu fupi kama shule ya chekechea ya wakubwa hao. Sikubaliani. Tazama kichekesho cha Keaton cha 1920, ambamo maharusi wanajenga nyumba iliyokuja vipande vipande ndani ya masanduku yaliyobadilishwa namba. Wiki inahesabiwa kwa karatasi za kalenda, nyumba inazunguka kwa dhoruba, mwishowe inakwama juu ya reli. Treni inakuja, maharusi wanafumba macho, treni inapita reli ya jirani. Wanashusha pumzi, na treni ya upande wa pili inaibomoa yote. Ungeongeza mkanda wa tatu ufanye nini?

Mwendo wa mbio unaowachekesha watu leo si wa makusudi kama tunavyouona. Kamera ilizungushwa kwa mkono, picha 16 hadi 20 na zaidi kwa sekunde, na wachekeshaji wakati mwingine walipunguza mzunguko kidogo ili ukimbizaji uwe mkali zaidi. Kisha ikaja sauti, mashine zote zikasimama kwenye 24, na runinga ikazirusha hivyo hivyo. Kilichokuwa wepesi kikawa papara. Ukipata nakala iliyorekebishwa mwendo, utashangaa jinsi Chaplin anavyokuwa mpole.

Majina nayo yaliongezeka kila mkanda uliposafiri. Maneno yalikuwa kwenye vibao vya maandishi katikati ya picha, kwa hiyo Ufaransa ilivitoa, ikaweka vyake, na Chaplin akawa Charlot. Pathé walipoleta mkanda mwembamba wa nyumbani mwaka 1922, na Kodak wa kwao mwaka 1923, vichekesho vilifupishwa tena na kubatizwa upya kwa wateja wa sebuleni. Nyingine zilibaki hai kwa njia hiyo tu, maana mikanda ya asili ya nitreti, plastiki inayoshika moto upesi, iliwaka au ikaoza. Mwaka 1943 moto ulizuka katika ghala la filamu nyumbani kwa Lloyd, Beverly Hills, na sehemu kubwa ya Lonesome Luke ikaishia humo.

Mikanda miwili inaweza pia kutengana. Stan Laurel na Oliver Hardy, waliounganishwa kwa Roach mwaka 1927, walitoa mwaka huo kichekesho cha vita vya pai, ambamo mtaa mzima unarushiana krimu usoni. Mtayarishaji mmoja alichukua vipande vyake kwa filamu ya kumbukumbu ya mwaka 1957, na kwa miongo mingi vipande hivyo ndivyo watu walivyovijua. Mkanda kamili wa pili ulijulikana kuwapo mwaka 2015, ndani ya makasha ya mkusanyaji wa filamu nchini Marekani. Tangazo lilitolewa Culpeper, Virginia, ambako Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa ikiwaalika watu kutazama mikanda isiyo na majina. Taa zinazimwa, mpiga piano anaanza, na humo ndani kunyamaza hakutakiwi. Mmoja anapaza sauti akitaja namba ya gari, mwingine anamtambua mbwa, wa tatu anajua zile ndevu za bandia zilikuwa za studio ipi. Katika kile kichekesho cha pai bado kinakosekana kipande kifupi, mwishoni mwa mkanda wa kwanza, ambapo mtu mmoja anawauzia bima.